Kidonge Nilichomwekea Sheri Kwenye Sambaza

Nilimuua paka wa mama yangu. Siandiki ili mnihurumie. Nimechoka tu kulibeba jambo hili peke yangu, na nyumbani hakuna tena anayetaka kulisikia.

Mama alihamia kwetu, mtaa wa Muhumba, baada ya baba kufariki. Kutoka kijijini Nyantende alikuja na nguo zake, rozari yake na Sheri, paka jike mzee mwenye madoa meusi. Mimi nilimpokea Sheri kwa sababu moja tu: panya walikuwa wanatumalizia unga na maharage kwenye depo, stoo yetu ya chakula.

Mwanzoni aliwakamata kweli. Kisha akaacha. Akawa anajikunyata nyuma ya gunia la makaa kutwa nzima, mabega juu, macho nusu yamefumba. Dirishani hakuruka tena. Anatazama juu, anaghairi. Manyoya ya mgongoni yalishikana kwa sababu hajilambi. Yote hayo niliyaona, jamani! Nikayaita uvivu.

Kwetu dawa ya paka mvivu inajulikana: unamnyima chakula mpaka awinde. Nikatoa amri jikoni, mtu asimpe kitu.

"Mutoto wangu, hii paka iko naumwa magoti sawa vile miye," mama aliniambia. "Angalia vile iko natembea."

Nilicheka. "Maman, kama ingekuwa naumwa, ingelia. Sikia vile iko nanguruma, iko na raha yake!"

Na kweli, mama akimpakata alinguruma kifuani. Sikujua kwamba paka hunguruma hata akiwa na maumivu, ajitulize. Wala sikujua kwamba paka anayeumwa hujificha na kunyamaza.

Jumapili moja mama alikwenda misa. Nikamwinua Sheri ili nifagie, akapiga ukelele na kuniuma mkono. Hapo ndipo nilipoamini. Huruma ikanishika, nikajiona nina akili pia: mama akiumwa magoti anameza parasetamoli, basi na paka wake itamfaa. Nikasaga kidonge kimoja, nikakichanganya na sambaza wa kuchemsha, wale dagaa wetu wa ziwani.

Mnajua alivyowala wale sambaza? Alilamba hadi sahani! Paka aliyeshiba angenusa ule uchungu akaenda zake. Huyu nilikuwa nimemshindisha njaa mwenyewe, hakuwa na nafasi ya kuchagua. Ole wangu mimi!

Nilikaa saa kadhaa nikisubiri apate nafuu. Mama aliporudi, Sheri alikuwa anahema mdomo wazi, uso umevimba, ufizi umegeuka rangi ya udongo. Tulimfunga kwenye kitenge, tukachukua teksi hadi kwa daktari wa wanyama, kule Bagira.

"Ulimupatia nini, madame?"

"Parasetamoli. Moja tu."

Daktari alimfunua mdomo akaangalia ufizi. "Ile kwa paka iko sumu. Hata kipande kinaua. Mungekuja mbio mbio, ningejaribu." Kisha akampapasa miguu ya nyuma. "Hapa ndiyo ilikuwa naumia, kwenye viungo. Ni uzee. Kuko dawa ya paka kwa hii."

Sheri alikufa kwenye mapaja ya mama kabla hatujatoka pale.

Mama hakunigombeza. Heri angenitukana! Tangu siku ile hasemi tena kinachomuuma. Ninamwona akishika ukuta ili ainuke, uso umemkunjamana. Nikimuuliza, anajibu, "Niko muzuri tu." Nimeomba msamaha hadi maneno yameniishia. Anasema amenisamehe, kisha anachukua rozari yake.

Ninyi mnaofuga paka, nawasihi! Akiacha kuruka, akiacha kujilamba, akijificha pembeni, anaumwa. Usimshindishe njaa, usimpe dawa ya binadamu hata chembe, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na mtu wa nyumbani kwako akikwambia mnyama anaumia, usicheke. Mimi nilicheka, na sasa ninaishi na mama ambaye akiumwa ananificha.