Kiberiti Chini ya Turubai

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala chombo cha kupimia. Nilipewa mfuko. Msimamizi wa safari za mlimani, ambaye sote tulimwita Muzee Ramazani, aliutupa miguuni pangu uani mwa ofisi akasema, "Hii ndiyo nyumba yako. Ingia." Nikaingia mbele ya makarani, wakacheka hadi wakakohoa. Nilikuwa kijana wa Majengo, hapa Goma, mtoto wa dereva wa malori kutoka Maniema, na nilidhani kupima volkano ni kazi ya watu wa suti.

Ninyi mnaopanda siku hizi na mahema ya rangi mtanivumilia nikieleza. Mfuko ule ulikuwa wa kitambaa kisichopitisha maji, mrefu kama mtu, mdomo upande wa kichwa. Unajiingiza humo na blanketi lako. Juu yake tulifunga turubai, sisi tukiliita bashi, upande wa upepo ukiwa chini na upande wa pili umeinuliwa. Kwenye mawe ya volkano kigingi hakiingii, kwa hiyo kamba tulizifunga kwenye mawe mazito. Mdomo wa mfuko haufungwi wote, maana pumzi ya mtu hugeuka maji humo ndani. Asubuhi lazima uupindue na kuuanika.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na kiberiti. Goma nzima inajua mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo, haina rangi na mara nyingi haina hata harufu. Muzee Ramazani alipiga magoti, akawasha njiti, akaishusha hadi kwenye majani.

"Moto ikikufa, na weye utakufa," aliniambia. "Usiulize mutu. Uliza moto."

Nilifanya hivyo miaka mingi, chini ya mashefu watatu, wakuu wa ofisi, kila mmoja na ukali wake. Siku moja tu sikufanya.

Ilikuwa baada ya lava kupita mjini, wakati wa uasi. Mlima ulikuwa umepasuka mahali papya, shefu alitaka vipimo, na njia ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Kwenye kizuizi chao walituambia, "Tukiona moto kule juu, tunapiga." Nilikuwa na Deo, karani wetu, Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mtu wa mzaha ambaye alipiga pasi suruali hata ya kwendea mlimani. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa safari. Uhai wake ulikuwa juu yangu.

Alasiri mvua ikaanza. Nikachagua kishimo chenye majani laini, kilichofichika vizuri, nikafunga turubai chini sana ili tusionekane. Deo alijitia kwenye mfuko wake, akafurahi.

"Papa Saidi, sikiliza. Ata imbu moja hakuna! Leo tutalala muzuri."

Kweli, hapakuwa na mbu. Hapakuwa na nyenje wala ndege. Mvua ilikatika, upepo ukatulia, na kimya kile kikawa kizito mno. Nywele zilinisimama, nikajiambia ni woga wa bunduki. Kiberiti kilikuwa ndani ya koti langu. Nilikigusa, nikakiacha.

Nilipanda ukingoni mwa kishimo kuswali magharibi. Niliporudi nikamwita Deo, hakuitika. Alikuwa chali, macho nusu wazi, anatabasamu kidogo kama mtu anayesikiliza habari njema. Karibu na sikio lake alikuwapo panya wa porini, naye amelala vilevile. Nilipoinama kichwa kilizunguka, nikajua ni mazuku. Nikabana pumzi, nikaushika mdomo wa mfuko, nikamburuta hadi juu kama gunia la makaa. Mwili ulikuwa bado na joto. Nilimwita hadi sauti ikakauka.

Nilikaa naye hadi kukapambazuka. Kisha nikamtoa kwenye mfuko nimfunike kwa blanketi, na mikono yangu, kwa mazoea tu, ikaupindua ule mfuko. Ndani ulikuwa umelowa. Ilikuwa pumzi ya Deo, ikanichuruzika vidoleni. Nililia kama mtoto.

Muzee Ramazani alinisikiliza hadi mwisho nikimweleza habari ya kizuizi na bunduki. Hakugomba.

"Bashi mulifunga chini?" aliuliza.

"Chini kabisa, muzee."

"Mupaka karibu na majani?"

"Ndiyo."

"Sasa moto kidogo chini ya bashi ile, nani angeiona?"

Niliendelea na kazi hadi kustaafu, nikaagwa kwa soda na hotuba, na walionisifu kwa uangalifu wangu hawakujua kwa nini niliangalia chini.

Hapa Majengo wajukuu wangu hawaruhusiwi kutandika godoro kabla sijapiga magoti. Wananicheka. Mimi nawasha njiti, naishusha hadi sakafuni, nasubiri. Ikiendelea kuwaka, nasema polepole, wasinisikie, "Inawaka, Deo." Ndipo nawaita watoto waingie.