Ndizi za Lusajo wa Pangoni

Moshi wa nyasi ukinifikia popote nilipo, narudi Matema, ufukweni mwa ziwa chini ya milima, mama yangu akichoma vyungu. Sisi Wakisi hatukuuza vyungu kwa fedha. Mteja alijaza chungu mahindi au maharage, akatumiminia nafaka ile, akaondoka na chungu chake. Wateja wetu walikuwa Wanyakyusa wa bondeni, na nikwambie ukweli, siku ya gulio wengi walimfuata mjomba Ambakisye, mdogo wake mama. Huyo alisomea misheni, wakamtaka awe mwalimu, akakataa. Akawa mtunzi wa visa vya hatari. Aliandika kwa penseli kwenye karatasi za kufungia sabuni, kisha akasimama katikati ya vyungu na kusoma. Shujaa wake Lusajo aliponea chupuchupu kila mara, na mjomba alikunja karatasi palepale mamba anapofumbua kinywa. Watu walimsonya, wakarudi gulio lililofuata. Karatasi zilizokwisha kusomwa mama aliwashia moto wa vyungu, na mjomba hakujali hata kidogo.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika kwetu, Lusajo alikuwa amefungiwa na mawe pangoni, juu ya milima yetu hiyohiyo, hana hata tonge. Askari wakamchukua mjomba kuwa mpagazi, wakaenda naye upande wa Songwe. Baba alikwisha kufa. Jeshi lilikuwa limebeba akiba za watu, kwa hiyo hapakuwa na nafaka ya kujazia chungu, na sisi watoto tukaanza kulala njaa. Ndipo siku ya gulio akaja Bibi Tupokigwe, mkulima wa bondeni mwenye ulimi mkali, na mkungu wa ndizi kichwani. Chungu hakukitaka.

"Mama Bupe, mpelekee yule wa pangoni," alimwambia mama. "Atakufa na njaa huku tunatazama?"

Mama akapokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akashukuru, na jioni tukala tukashiba. Gulio lililofuata wakaja wengine na ndizi, na kibuyu cha maziwa ya mgando, wote wakimpelekea Lusajo. Mama akakosa raha. Alijiona anawadanganya watu wema, na akiwaambia ukweli, sisi tutakula nini? Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Bibi, Lusajo ni maneno ya karatasi tu. Ndizi wanakula wanangu."

Bibi Tupokigwe akatua mkungu wake. "Kwani nani alikuuliza? Wewe mtunze humohumo pangoni, asitoke kabla mdogo wako hajarudi."

Mjomba alirudi, amekonda, miguu imejaa vidonda. Gulioni hakuna aliyemuuliza habari za vita. Walitaka Lusajo atoke. Akamtoa siku hiyohiyo, bila karatasi, sauti ikimkatika, na mama akalia mbele ya watu.

Leo wajukuu wangu wananunua visa vya namna hiyo dukani, vimepigwa chapa, na vina picha. Huniuliza vya mjomba viko wapi. Hakikubaki hata kimoja, nawaambia, vyote viliishia chini ya vyungu. Nilibaki mimi, niliyekuzwa kwa ndizi za mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.