Kolostomi, Silabi kwa Silabi

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu kutamka. Katika chuo kimoja cha afya hapa Morogoro nina kipindi cha istilahi za tiba, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya upasuaji wa tumbo. Mimi si daktari. Kisu changu ni cha kumenyea machungwa tu. Kigiriki nilikipata seminarini, enzi nilipodhani nitakuwa padri, na nilipotoka humo bila upadri wala mke, hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho. Nimekitumia vilivyo, na nimeringa nacho pia, sikatai.

Mbinu yangu ni kuanza na mkia wa neno. Tomi ni kukata. Ektomi ni kukata na kuondoa kabisa. Stomi ni kufungua tundu, maana stoma kwa Wagiriki ni mdomo. Mwanafunzi akishaujua mkia, namrudisha kwenye kichwa: lapara ni ile nyama laini ya ubavuni, chini ya mbavu. Kisha tunapiga makofi kwa kila silabi, la-pa-ro-to-mi. Shida huwa ni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo darasa zima linakanyaga kwenye to, na mimi napiga meza: "Rudini nyuma hatua moja, kazeni ro!" Wanaotoka Mgeta na Matombo, watu wa kwetu milimani, nawabana kuliko wengine. Wanayaimba maneno kama wanavyoimba nyumbani, na mimi najua nilivyochekwa kwa wimbo huohuo.

Mwaka jana utumbo wangu ulijisokota. Tumbo lilivimba, choo kikagoma, nikawa natapika nikiwa nimekunja magoti kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani hadi hospitali. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti mpole mwenye miwani. Aliinama karibu na sikio langu akasema, "Mwalimu, tutafanya laparotomi, na utumbo ukiwa umeharibika itabidi tuweke kolostomi. Umenielewa?"

Nitasema ukweli hata kama unanitia aibu. Katika maumivu yale yote, nilichosikiliza mimi ni mkazo. Aliuweka mahali pake, kwenye maneno yote mawili, safi kabisa. Nikaitikia kwa kichwa kwa fahari ya mwalimu, nikaweka sahihi, wakanisukuma ndani. Sikuuliza swali hata moja.

Nilipozinduka nilipeleka mkono tumboni nikakuta mfuko wa plastiki. Mfuko ulikuwa na joto. Muuguzi akanieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwamba kipande cha utumbo kimetolewa, na kilichobaki kimeletwa nje ya ngozi, upande wa kushoto, na kinyesi kitapitia hapo hadi watakapoamua kufunga, kama wataamua. Nililia. Mke wangu alifikiri ni maumivu ya kidonda. Nilikuwa nimelitamka neno lile mbele ya madarasa yote yale, na sikuwahi hata mara moja kuliwazia likiwa na joto.

Watu wanadhani kero kubwa ni harufu. Harufu inazoeleka, na mke wangu ana mkono mwepesi wa kubadilisha mfuko. Kinachoniua mimi ni sauti. Njia aliyotupa Mungu ina mlango, na mtu mzima anajua kuufunga. Hili tundu halina mlango. Linatoa hewa linapotaka: kanisani, dukani kwa Mhindi nikichagua kitambaa, mezani nikila na wageni. Niliporudi kazini nilivaa koti, mimi peke yangu katika chuo kizima kwenye joto lile la Morogoro, na nilifundisha nikiwa nimebana mkono wa kushoto ubavuni. Neno lile nililiruka. Siku moja msichana wa kiti cha mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, hujatufundisha kolostomi." Walijua wote. Nikaliandika ubaoni, nikaligawa, nikapiga makofi yangu, nikalisoma mithili ya mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka kijijini, huko upande wa Matombo. Binti yake amepata mchumba na wakwe wanakuja kuleta posa.

"Kaka, tunakusubiri wewe," alisema.

"Si yupo baba yake?"

"Kaka, unataka watucheke? Baba yake amjibu mshenga kama nani?"

Alisema kweli. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayemtoa binti ni mjomba. Baba anakaa pembeni, anasalimia wageni, anakula pilau. Neno la kukubali linatoka kwa mjomba, na dada yangu hana kaka mwingine. Nisipokwenda, mshenga anakunywa soda yake anarudi alikotoka, na binti anabaki na maneno ya watu. Nilitafuta visingizio hadi nikajichukia. Mke wangu ndiye aliyekata shauri. "Baba watoto, huyo ni mtoto wako," alisema. "Utakwenda, na mimi nitakuwa nyuma yako."

Nilijiandaa kama mwizi. Tangu jana yake sikutia kitu tumboni, si maharage, si kabichi, hata uji niliukataa, nikiamini kwamba utumbo mtupu hauna la kusema. Muuguzi alikuwa ameniambia kinyume chake, kwamba utumbo mtupu ndio unaovuta hewa na kupiga kelele, lakini mimi msomi wa Kigiriki ningemsikiliza muuguzi saa ngapi? Asubuhi mke wangu akanifunga kanga tumboni, raundi baada ya raundi, nikavaa shati, halafu koti. Tulikodi gari dogo. Barabara ya kupanda kule ilinichuruzisha jasho jembamba kwa kila shimo.

Sebule ya dada yangu ilijaa. Wakwe walikaa upande mmoja kwenye viti vya plastiki, wamenyoosha mashati. Sisi upande wa pili, mimi katikati. Karibu na mlango alikaa mtani wangu.

Huyo lazima nimweleze. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na yeye na mimi tumezaliwa msimu mmoja, tumechunga mbuzi pamoja, tumechapwa na katekista mmoja. Kazi ya mtani kwetu ni kukutukana mbele za watu pale ambapo ndugu yako hathubutu. Siku ya mazishi ya baba yangu alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka hadi apewe jogoo, na sisi wafiwa tukacheka huku machozi yanatutoka. Kwenye harusi yangu alimtangazia bibi harusi kwamba seminarini nilifukuzwa kwa kunywa divai ya altare. Katika umri wangu wote sikumbuki mtu huyo kunisalimia salamu ya heshima. Huniita mfupi, mchawi, mla panya, na mimi humwita vilevile. Nilipoingia siku ile nilimtafuta kwa macho, nikangoja anirushie la kwanza. Alisimama, akanipisha njia.

Mshenga alizungumza vizuri. Alisema wamekuja kuomba jiko, akakaa, na ukaja ule ukimya wa desturi, ambapo hakuna anayekohoa, kila mtu anamwangalia mjomba, na mjomba haharakishi, maana akiharakisha ataonekana anamtupa mtoto. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, mazuri, yenye silabi zilizopimwa. Nikavuta pumzi.

Tumbo likatangulia.

Ilikuwa sauti ndefu, ya majimaji, iliyoanza chini ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Kanga haikuzuia kitu. Sebule nzima ilisikia. Mpwa wangu, aliyekaa mkekani na ushungi usoni, aliinamisha kichwa zaidi. Mshenga aligeuza macho kwenye mabati. Kisha ikaja harufu. Uso uliniwaka, masikio yakaziba, nikatamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

Nikamgeukia mtani. Watu wote walimgeukia, kwa sababu pale ndipo mahali pake. Alihitaji kusema neno moja tu. Angesema mjomba ameshajibu, mshenga atoe soda. Angesema mla panya leo amekula panya mbichi. Lolote, hata la matusi ya nguoni, na sebule ingepasuka kwa kicheko, wakwe wangepumua, na mimi ningecheka kuliko wote, nikamtukania ukoo wake, tukaendelea. Nilimkazia macho nikimwomba. Alinitazama kidogo, kwa huruma, akaangalia chini, akaanza kukunja na kukunjua kofia yake.

Hapo ndipo nilipoumia. Ile sauti ilikuwa ya utumbo tu, nami nimeishi nayo. Lakini mtu anayetania hata maiti alikuwa ameniona mimi sitaniki.

Yale maneno niliyoyapanga yalipotea yote. Nikasema, "Tumekubali," basi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Vigelegele vilichelewa, halafu vikaja kwa nguvu mno, kama watu wanaofunika kitu. Binti alikuwa ametolewa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wakati wa chakula niliwekewa kiti changu peke yangu karibu na dirisha, kwenye upepo, na kila aliyepita alinitabasamia.

Dada yangu alinifuata pale na maji ya kunawa. Nikamuuliza mtani ana nini leo.

"Nilimkataza mimi, kaka," alinong'ona, uso umemng'aa kwa wema. "Nilimweleza unavyoumwa. Nikamwambia leo asikutanie hata kidogo, asikuzidishie."

Alikuwa amenikinga. Nikanawa.

Jioni ilipokaribia tulitoka kwenda kwenye gari. Mtani alitusindikiza hadi kwenye migomba ya ukingoni mwa barabara, akimbebea mke wangu kikapu cha ndizi. Nikasubiri mke wangu atangulie, nikamshika mkono mwenzangu.

"Nitanie," nikamwambia. "Hapa hakuna mtu. Sema chochote."

Alicheka kidogo, akaacha. Nikaona anatafuta. Alifungua mdomo, akaniangalia ubavuni, pale mkono wangu wa kushoto ulipokuwa umebana koti, akaufunga.

"Ukipona," alisema.

"Na kama haya ndiyo ya kudumu?"

Dereva aliwasha gari. Mwenzangu akavua kofia, akaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, yeye tuliyezaliwa naye msimu mmoja.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia marahaba.