Mama Uzi na Gari Lililoshushwa

Kabla hajashika tairi, Mama Uzi alishika mkasi. Alikuwa fundi cherehani katika chumba cha mbele, na mumewe alikuwa fundi magari kwenye ua wa nyuma wa nyumba hiyohiyo, hivyo wateja wa gauni walipita wakiruka madoa ya oili. Nguo za dukani zilipoanza kumlia wateja wake, alifunika cherehani kwa shuka akahamia uani. Alisema anakwenda kusaidia kidogo tu. Mumewe akamkaribisha, ila akamwonya kwamba huku hakushonwi gauni.

Kumbe kazi ya kunyoosha magurudumu ilikuwa kama inamngoja yeye. Mashine ya kupimia hawakuwa nayo. Alichukua uzi mgumu, akaufunga kwenye vyuma viwili vya kusimama, akaunyoosha ubavuni mwa gari toka nyuma hadi mbele, usawa wa kitovu cha gurudumu. Kisha akachutama na futi yake ya kushonea, akapima toka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na toka kwenye uzi hadi ukingo wa nyuma. Gurudumu lililochungulia ndani au nje kwa upana wa ukucha tu, alilijua. Jina likamganda hapo, na waliolitoa kwa kumcheka ndio waliokuja baadaye kupanga foleni.

Gari lililomshinda lilikuwa la mwokaji mikate, rafiki wa mumewe tangu utotoni. Mwokaji alilishusha: alitoa springi ndefu, akaweka fupi, gari likakaa karibu na ardhi kama la kijana anayetafuta mchumba. Mtaa mzima ulimsema. Mtu mzima, tumbo limetangulia, leo ujana wa jioni umemkuta. Wasichokijua ni kwamba mama yake mwokaji magoti yalikuwa yamegoma. Mguu haukufika tena kwenye gari refu, na kubebwa hakutaka. "Mimi si gunia la unga," alimwambia mwanawe, akarudi ndani. Ng'ambo ya mji alikuwa na mdogo wake, mgonjwa wa kitandani, mtu pekee aliyebaki duniani wa kumwita kwa jina lake la utotoni. Gari liliposhuka, mama alitanguliza makalio kitini, akageuza miguu, wakaondoka. Tangu hapo haikupita wiki bila kwenda.

Lakini gari lililoshushwa magurudumu yake hulala. Vichwa vinaingia ndani, nyayo zinatoka nje, na tairi linakanyaga kwa ukingo wa ndani peke yake. Ukingo huo huliwa kimyakimya, huku nje tairi linang'aa jipya. Mume alirekebisha bolti, akayasimamisha magurudumu. Mama Uzi akapima kwa uzi mpaka akaridhika. Haikuchukua muda mrefu, nyaya za tairi la upande wa dereva zikaanza kuchungulia. Wakarudia kazi, likaja tairi jipya, nalo likaanza kuliwa palepale.

Mumewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia rafiki yake kwamba tairi la namna hiyo hupasuka njiani, tena akiwa na mama yake ndani. Tairi hili nalo likiisha, wanarudisha springi ndefu, gari linapanda juu kama zamani. Mwokaji alitazama chini, akakubali. Mama yake hakuambiwa. Mama Uzi ndiye aliyelala na jambo hilo moyoni, maana yeye alikuwa amemwona bibi yule akirudi kutoka kwa mdogo wake, akicheka peke yake kama msichana.

Siku mwokaji alipokuja kulionyesha tairi hilo, Mama Uzi hakumngoja ashuke. Alichutama, akapitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yale meno yake yanayoshika barabara. Kwenda ndani, laini. Kurudi nje, linakwaruza kama msasa. Wakati huohuo mwokaji akafungua mlango akatoka.

Gari lilishusha pumzi, likainuka. Mkono wa Mama Uzi ulikuwa bado kwenye tairi, naye akalisikia likisimama wima chini ya vidole vyake.

Akamwomba arudi ndani. Gurudumu likalala. Akamwomba atoke. Likasimama.

"Shemeji, unanichezesha?" mwokaji akauliza.

Mama Uzi aliona aibu. Kosa lilikuwa lake. Mara zote walilipima gari likiwa tupu, mwenyewe amekaa kwenye benchi anakunywa chai. Gari la juu lingevumilia, lakini hili la springi fupi halikuwa na nafasi ya kusamehe. Yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukata pindo la gauni likiwa kwenye hanga!

Kulisema ilikuwa kazi nyingine. Kwenye chumba cha cherehani alikuwa na sheria: mteja hanenepi, kitambaa ndicho kinachorudi kikifuliwa.

"Shemeji, kesho uje na Mama. Hili tumelipima kama nguo ya dirisha la duka. Nguo hupimwa mwilini mwa mvaaji."

"Sema tu mimi mzito."

"Sijasema. Umesema wewe."

Mumewe alicheka mpaka spana ikamponyoka, kisha akaacha kucheka, akalizunguka gari polepole, akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu walipokuwa wachumba.

Kesho yake mama wa mwokaji alikaa kwenye kiti chake, mwanawe kwenye usukani. Chini ya magurudumu ya mbele waliweka mabati yaliyopakwa grisi ili yageuke kwa urahisi. Mume wa Mama Uzi alipendekeza kumpumzisha bibi na kuweka mfuko wa unga mahali pake. Bibi akamjibu kwamba mfuko haujui kukaa. Basi fundi akalala chali chini ya gari, akizungusha bolti kidogo kidogo, na Mama Uzi akisoma futi: bado, bado, umepitiliza, rudi, hapo. Aliyekohoa ndani ya gari alikaripiwa, awe mama au mwana. Asubuhi nzima iliishia kwenye uzi ule.

Majuma yakapita, yakawa miezi. Gari likasimama tena getini, injini ikinguruma. Mama Uzi akatoka, akachutama, akaweka kiganja kwenye tairi. Kwenda ndani, laini. Kurudi nje, laini. Akarudia, kisha akarudia tena, kwa sababu hakutaka kuinuka.

Kioo kikashuka. "Mwanangu," bibi akasema, "ukimaliza kulipapasa utuambie. Mdogo wangu ananingoja."