Nishani ya Mfalme Asiye na Pua

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watu wanne katika karakana ya Buguruni: Mzee Sefu aliyekuwa Fundi Mkuu, Bwana Paulo karani wa kupokea vitu, mteja wetu Mama Rehema, mjane kutoka Kipawa, na mimi Hadija, niliyeacha shule darasa la nne mama alipofariki. Wadogo zangu, Omari na Zena, walikuwa nyumbani wakinitegemea.

Kazi yetu ilikuwa kuchonga majina kwenye mihuri, pete na vikombe vya mashindano ya mpira. Miaka ile zililetwa pia nishani za wanajeshi wa vita vya pili vya dunia. Upande mmoja zilikuwa na sura ya mfalme wa Waingereza, ila zilitolewa bila jina la askari, hivyo familia zilituletea tuchonge ukingoni. Mama Rehema alileta ya mumewe, Athumani. Mimi nilikuja na ya baba yangu, Saidi. Wote wawili walizama na meli moja, hakuna aliyezikwa. Kipande kile cha madini ndicho kilikuwa kaburi lao. Mzee Sefu alikubali kuchonga na jina la baba bure, iwe makaribisho yangu.

"Kwanza zioshe, binti," alisema.

Kila kitu kilifungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Niliona vikaratasi vitalowa, nikavifungua, nikazitia nishani zote mbili kwenye maji ya sabuni. Kisha nikazilaza kifudifudi juu ya kitambaa na kurudishia vikaratasi haraka haraka, nikitaka nionekane mwepesi. Mzee Sefu akazibana kwenye jiliwa moja baada ya nyingine, akachora herufi kwa sindano, akazichimba kwa kalamu ya chuma.

Mama Rehema alipokea yake, akaigeuza.

"Fundi, mbona mfalme wenu hana pua?"

Nikajua palepale. Mama yangu aliisugua nishani ya baba kwa majivu kila Idi, mpaka pua ya mfalme ikaisha. Jina la Athumani lilikuwa limechongwa juu ya baba yangu.

"Nani kafungua vikaratasi?" Mzee Sefu aliuliza.

"Mimi, Mzee. Niliona vitalowa."

"Karatasi ikilowa hukauka. Jina nililochimba nitalikausha wapi?"

"Lipigwe tupa," alisema Bwana Paulo.

"Ukingo wenyewe huo mwembamba, Paulo! Itabaki kama imetafunwa na panya."

Nikamwomba Mama Rehema tubadilishane. Akazipima viganjani, moja huku, moja huku.

"Nikichukua ya mume wangu, nitakwenda na jina la baba yako. Wanangu watasoma nini? Naondoka na jina. Ila kila Idi utaniletea mume wangu nimshike. Ukikosa, nakuja kukuchapa hapahapa, Fundi wako akiona."

"Sitakosa, Mama."

Sikufukuzwa. Niliosha vitu vya wateja miaka miwili kabla ya kushika kalamu. Mzee Sefu alipostaafu nilihamia Temeke, chini ya Msimamizi mmoja mkali wa mihuri, kisha nikaishia Kipawa kwenye vibao vya milango. Kote nilikopita sikutumia tena vikaratasi. Nilikata vibati, nikavigonga namba, nikavifunga kwa waya, na kitu hakikuvuliwa kibati chake hata majini. Msimamizi alinicheka, "Bi Hadija, unafunga ng'ombe?" Baadaye akaagiza karakana nzima ifanye hivyo. Kwa kazi hiyo Omari na Zena walimaliza shule.

Na kila Idi nilikwenda kwa Mama Rehema. Alimshika mumewe, nami nikamshika baba, tukanywa chai, tukabadilishana tena. Alipofariki, nishani ilibaki kwa bintiye Rehema, aliyehamia Chanika. Nikawa naenda huko.

Idi iliyopita goti lilinigomea, sikwenda. Rehema alipiga simu: "Shikamoo, Mama Mkubwa. Baba hajaja?"

Vijana mnaosoma haya, mnaniona nimestaafu. Idi moja bado nadaiwa. Nishani iko mezani, imefungwa kibati chake, na Omari nimemwambia anitafutie fimbo ya kunifikisha Chanika; Rehema akitaka kunichapa, ataikuta mkononi.