Mtoto Aliyepumua kwa Kulia

Sikuondoka kijijini kwetu Ijumbi kwa matembezi. Wifi yangu Kemilembe alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya Muleba, na mwanawe, aliyemsubiri kwa miaka mingi, akawa anabadilika rangi kila akiwekwa kwenye titi. Akilia, wekundu unarudi. Akinyamaza, midomo inakuwa myeusi.

"Pua imezibwa na mfupa huko nyuma, amezaliwa hivyo," daktari alituambia. "Kichanga hajui kupumua kwa mdomo, ila akilia. Lazima akafunguliwe Bukoba."

Kemilembe hakuweza hata kukaa. "Wifi waitu, wifi yetu, nenda naye wewe," aliniomba.

Asubuhi tulipanda gari la wagonjwa hapo Muleba. Muuguzi alikata ncha ya chuchu ya chupa, akamwekea mtoto mdomoni na kuifunga kwa utepe ili hewa ipite. Nilimpakata. Sikuona migomba wala ziwa. Nilitazama kile kifua kidogo tu.

Tulipopita Kemondo, chuchu ilichomoka. Kifua kikabonyea.

"Mfinye unyayo!" muuguzi alisema, akiisaka chuchu kwenye nguo. "Mfinye alie!"

Nilimfinya. Kimya. Nikamfinya kwa kucha, akapiga ukelele, rangi ikarudi. Muuguzi akaipata chuchu, akaifunga upya.

Bukoba, daktari wa upasuaji, mama mpole, alinieleza kwamba angepitia puani, atoboe mfupa, kisha aache vimpira viwili ili njia isizibe tena.

"Anaweza asirudi?" niliuliza.

"Anaweza," alisema bila kukwepa macho yangu. "Lakini tukimwacha hivi, hatafika mbali."

Nilikaa kwenye benchi. Sala zote nilizojifunza kanisani zilinipotea, nikabaki na moja tu: Mungu, fungua.

Mchana walinirudishia mtoto. Amelala, mdomo umefumbwa, anapumua.

Tuliporuhusiwa kurudi Muleba, Kemilembe alikuwa bado wodini. Kidonda chake kilikuwa kimepata usaha. Alimpokea mwanawe, akamtazama, akaanza kumtikisa.

"Wifi, mbona halii?"

Nililisogeza shavu la Kemilembe kwenye vile vimpira puani mwa mtoto. Akaisikia pumzi. Akamnyonyesha, mtoto akanyonya bila kubadilika rangi, na hapo mama ndiye akalia.

Kwetu husemwa kuwa mtoto mtulivu amebarikiwa. Siku hizi nikienda kumpongeza mzazi, kabla sijaulizia jina, natazama midomo ya mtoto akinyonya.