Ng'ombe Walioogeshwa Mara Mbili

Miaka ile ya sabini nilikuwa mkalimani wa shirika moja la kimataifa mjini Shinyanga. Lilikuwa limejenga majosho ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe huko Kishapu, na makao makuu yake ng'ambo yakamtuma mama mmoja wa Kizungu aone kama yanatumika. Vijiji vya kumpeleka vilichaguliwa na mkuu wa mradi, yule yule aliyeyajenga. Hilo lilininyima usingizi. Tathmini sikuisomea darasani. Nilisoma mwenyewe vijitabu vya ofisini, nikaelewa kwamba anayepimwa hashiki mizani. Lakini nilikuwa kwenye majaribio, na wa kunithibitisha kazini ni huyo mkuu.

Josho la kwanza lilijaa ng'ombe. Mama akafurahi. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kukagua kila kitu, nilimtazama sana fahali mweupe mwenye pembe iliyoinamia jicho. Kesho yake, kwenye josho la kijiji kingine, nikamwona fahali yule yule kwenye foleni, bado ananuka dawa.

Nikamwendea mchungaji wake, mzee mmoja, tukazungumza Kisukuma.

"Baba, ng'ombe hawa ni wa hapa?"

"Leo ni wa hapa."

"Na jana?"

Akacheka. "Wewe hujaposa bado! Wakwe wakija kutazama zizi lako, jirani si anakuazima ng'ombe?"

"Siku nyingine mbona hamji joshoni?"

"Tupite wapi? Njia yote ni pamba ya watu. Dawa itaua kupe, kesi ya pamba iliyoliwa ataiua nani?"

Mama akasogea, akauliza mzee anasema nini. Mkuu, aliyefuatana nasi bila kujua neno la Kisukuma, akawahi: "Anashukuru mradi."

"Nimemuuliza mkalimani," mama akasema.

Ningeweza kushukuru mradi, na hakuna ambaye angejua. Nikatafsiri yote, ya kuazima na ya pamba. Mkuu akanitazama kama anayenisoma jina upya.

Garini mama akamuuliza mkuu ripoti ya ziara hiyo itaanza kusomwa na nani.

"Mimi," mkuu akatabasamu. "Narekebisha makosa madogo tu."

Mama akageukia dirishani. Nikaanza kumshuku hata yeye: pengine alijua siku zote kwamba ng'ombe ni wa kuazima, na alitaka tu neno hilo litoke kinywani mwangu, si mwake.

Sikuthibitishwa. Ripoti sikuiona, wala sijapata kusikia kwamba kuna aliyefungua njia ya ng'ombe kupita kwenye pamba.